Draiva Kwanza, Kadi Baadaye

Geuza kadi ya grafiki uutazame ukingo wake wa chini. Utaona meno membamba yanayong'aa, 82 kila upande, 164 kwa jumla. Mng'ao huo ni wa dhahabu halisi, tabaka jembamba mno lililolazwa juu ya nikeli na shaba, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme miaka nenda miaka rudi. Watu wa Bambu, mji wa wachimbaji ulioko wilayani Djugu, mkoani Ituri nchini Kongo, kaskazini mwa mji wa Bunia, hawahitaji kuelezwa sifa za madini hayo. Dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo mwaka 1903, na tangu 1926 kampuni ya Kilo-Moto ikawa ndiyo mwajiri, mwenye nyumba na mwenye umeme wa sehemu kubwa ya eneo hilo.

Meno hayo yamepangwa vilevile kwenye kadi karibu zote kubwa zilizotengenezwa tangu sloti ya PCIe ilipoanza kutumika miaka ishirini na kitu iliyopita. Kadi ya 2016 huingia kwenye mashine ya 2012, na pia kwenye mashine ya 2024. Hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Akiona kadi imekaa vizuri kwenye sloti, feni inazunguka na picha imetokea, huamini kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kinachoamua kama kadi itafanya kazi kwenye mfumo endeshi huu au ule ni draiva, ile programu inayokaa kati ya mfumo na chipu na kuzielewanisha pande mbili. Bila draiva yake, kadi ya dola 300 haina tofauti na kadi ya dola 20: inachora madirisha kwa kujikokota, na video inakwama.

Kwa hiyo mwenye kutaka kadi moja itakayofaa kwa mifumo miwili au mitatu anapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kuuliza bei. Nani anaandika draiva ya kadi hii? Anaiandikia mifumo ipi? Na ataendelea kuitunza hadi mwaka gani?

Mashine moja, kazi nyingi

Katika mji wenye kompyuta za kutosha, swali hili lingekuwa la wapenzi wa michezo ya video tu. Ituri ni tofauti. Mashine moja hubebeshwa mizigo ya ofisi nzima: asubuhi barua na hesabu, mchana ramani, jioni video ya harusi au ya kwaya. Programu za kazi hizo hazikai zote chini ya mfumo mmoja. ArcGIS Pro inataka Windows peke yake, ilhali QGIS, programu huria ya ramani, inakubali Windows, Linux na macOS. Blender, ya picha za pande tatu, ni hivyo hivyo. Final Cut Pro, ya kuhariri video, haitoki nje ya vifaa vya Apple.

Sababu ya pili imekuja na kalenda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida. Windows 11 haizikubali rasmi mashine zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, na inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta za mitumba zinazoonekana sana katika maduka ya Afrika Mashariki, kama Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 za mwaka 2013, zimebaki nje ya mstari huo. Mwenye mashine hiyo ana njia ya busara yenye sehemu mbili: kubaki na Windows ya zamani kwa kazi ambazo haziwezekani kwingine bila kuiunganisha na intaneti, na kuweka Linux pembeni kwa kila kazi nyingine. Na kadi inayokaa ndani lazima izijue lugha zote mbili.

Mifumo mitatu, tabia tatu

Kwenye Windows kila mtengenezaji hujitahidi, kwa sababu huko ndiko wateja wengi waliko. Tatizo la Windows ni umri wa kadi. Juni 2021 AMD ilizitoa kwenye matunzo ya kawaida kadi zake za familia ya Radeon HD 7000 hadi R9 Fury. NVIDIA nayo iliziacha kadi za kizazi cha Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700. Kadi hizo hazikufa siku hiyo, lakini hazipokei tena marekebisho. Tena draiva za Windows ni kubwa, mamia ya megabaiti kwa faili moja, na anayenunua intaneti kwa vifurushi vya simu anajua uzito wa neno hilo.

Linux inafuata utaratibu mwingine kabisa. Draiva ikiwa huria, msimbo wake huingizwa ndani ya kiini chenyewe cha Linux, na nusu yake ya pili, inayochora, hukaa katika mradi wa Mesa ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Matokeo yake ni kwamba anayechukua nakala ya Ubuntu au Linux Mint kwenye flashi amechukua pia draiva za AMD na Intel bila kupakua kitu cha ziada. Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ilituma CD za bure duniani kote hadi mwaka 2011 kwa kufikiria watu wasio na intaneti ya kutosha. Leo flashi imechukua nafasi ya CD: nakala moja ikishuka Bunia inaweza kuzunguka mitaa yote na kufika Bambu bila kugharimu megabaiti nyingine.

macOS ndiyo yenye mlango mwembamba kuliko yote. Apple huandika au huidhinisha draiva yenyewe, na kadi isiyomo katika orodha haina njia. Toleo la Mojave la mwaka 2018 lilidai kadi zenye uwezo wa Metal, njia ya Apple yenyewe ya kuchora, na draiva za NVIDIA ambazo watu walikuwa wakizipakua kwa ajili ya toleo lililotangulia, High Sierra, hazikutoka tena. Kadi za Kepler ziliendelea kidogo, kisha toleo la Monterey la 2021 likazifunga. Tangu wakati huo, mwenye Mac Pro ya zamani yenye sloti hutegemea AMD: RX 580 na ndugu zake za kizazi cha Polaris, au RX 6600, 6800 na 6900. RX 6400 na 6700 XT hazimo, wala kadi yoyote ya RX 7000.

Zaidi ya hapo mlango unafungwa. Mac zenye chipu za Apple zilizoanza Novemba 2020 hazipokei kadi ya nje; hata Mac Pro ya 2023, yenye sloti za PCIe, haikubali kadi ya grafiki. Apple imetangaza pia kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Na leseni yake hairuhusu macOS kuwekwa kwenye kompyuta isiyo ya Apple. Anayenunua kadi leo kwa ajili ya macOS, basi, ananunua kwa ajili ya mashine aliyonayo tayari, na afanye hivyo kwa macho wazi.

NVIDIA, AMD, Intel

Ugomvi mkubwa wa Linux ulikuwa na NVIDIA. Mwaka 2012, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliilaumu kampuni hiyo hadharani kwa maneno makali kwamba ndiyo mbaya kuliko zote alizoshughulika nazo. Malalamiko yalikuwa na msingi. NVIDIA ilitoa draiva nzuri kwa Linux, lakini iliyofungwa, inayopaswa kuunganishwa upya kila kiini kinapobadilika. Sasisho likienda vibaya, mtu huwasha mashine akakuta skrini nyeusi. Waliojaribu kuandika draiva huria iitwayo Nouveau walikumbana na kikwazo kingine: kuanzia kadi nyingi za GTX 900, programu ndogo ya ndani ya chipu ilitiwa saini ya NVIDIA, na bila saini hiyo Nouveau haikuweza kupandisha kasi ya kadi. Kadi ikabaki ikitembea kwa mwendo wa kuwashia.

Mambo yamebadilika, ila si kwa kadi zote. Mei 2022 NVIDIA ilifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kiini, na mwaka 2024 sehemu hiyo ikawa ndiyo chaguo la kawaida. Lakini inazihusu kadi za kizazi cha Turing na kuendelea tu, yaani GTX 1650, familia ya RTX 20 na zilizofuata. GTX 1050 Ti na GT 1030, ambazo ndizo za bei ya watu, zimeachwa upande wa pili wa mstari.

AMD ilipita njia nyingine. Iliinunua ATI mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kutoa nyaraka za chipu zake ili waandishi wa nje waandike draiva. Mwaka 2015 draiva iitwayo amdgpu iliingia katika kiini cha Linux, toleo la 4.2. Kampuni ya michezo ya Valve nayo ilipoitengeneza Steam Deck, mashine ya mkononi yenye Linux na chipu ya AMD iliyotoka 2022, iliwalipa waandishi wa draiva huria, na kazi yao ikawanufaisha wote. Ndiyo maana kadi ya AMD ambayo Windows imekwisha kuisahau bado inaamka vizuri kwenye Linux.

Hata hivyo AMD ina udhaifu wake. Kwa kazi za hesabu nzito, kama akili mnemba au kuchakata picha za Blender, programu nyingi zimejengwa juu ya CUDA, jukwaa la hesabu la NVIDIA lililopo tangu 2007, na mbadala wa AMD, ROCm, unazikubali rasmi kadi chache tu. Anayehariri video kwa DaVinci Resolve kwenye Linux atasumbuka kidogo zaidi akiwa na AMD. Tena toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui video za H.264, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi. Hakuna kadi itakayoliondoa hilo. Kdenlive, iliyo huria, inazifungua.

Intel watu huisahau, na hilo ni kosa. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya Intel ina draiva huria ndani ya Linux, ina draiva ya Windows, na haiongezi hata wati moja ya kadi. Kwa kuandika barua, kujaza takwimu za kituo cha afya katika DHIS2 inayofunguka ndani ya kivinjari, au kuchora ramani ya kawaida kwa QGIS, inatosha. Kadi zake kamili za Arc, zilizoanza 2022, ni habari nyingine: zinahitaji uwezo uitwao Resizable BAR ili zitoe kasi yake, na mashine za mitumba za 2013 hazina. Hazimo kwenye macOS pia.

Wati na betri

Katika miji mingi ya dunia uchambuzi wa kadi huishia kwenye kasi. Huku lazima ufike kwenye betri. Umeme wa maji wa Budana, kwenye mto Shari, ulijengwa kwa ajili ya migodi, na si kila nyumba ya Ituri imeunganishwa. Wengi hutegemea sola au jenereta.

Hesabu yake ni rahisi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, lakini ili idumu haifai kuvuka nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 1,200. RX 580 inaweza kula wati 185 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa saa nane ni wati-saa 1,480, zaidi ya akiba yote inayotumika, kabla ya kuhesabu prosesa na skrini. GTX 1650 au GTX 1050 Ti ya wati 75 itakula 600, nusu ya akiba. RX 550 ya wati 50 itakula 400. GT 1030 ya wati 30 itakula 240. Ni kweli kadi haifanyi kazi kwa nguvu zote siku nzima, lakini anayechakata video usiku kucha atayaona matokeo kwenye betri kabla ya alfajiri.

Wati huamua pia kama kadi itaingia. Sloti ya PCIe hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi huwa na tundu la waya wa ziada. Ukiifungua OptiPlex 9020 nyembamba, utakuta pawasaplai ya wati 255 isiyo na waya huo, na nafasi ya kadi fupi tu. Hapo RX 580 imeshatoka kwenye mjadala hata kabla ya draiva.

Flashi mfukoni

Kadi nyingi zinazofika Bunia ni mitumba, na mitumba ina historia. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Zipo RX 580 zenye alama 2048SP, ambazo zina sehemu chache za kukokotoa kuliko RX 580 kamili. Zipo GT 1030 zenye kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5, polepole mno, zikiwa na jina lile lile kwenye boksi. Na zipo bandia kabisa: kadi za zamani za 2010 au 2011 zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti.

Kwa mtu wa Bambu, kurudisha kadi mbovu si jambo la kupanda pikipiki na kurejea jioni. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na barabara za Djugu zimegharimu maisha ya watu. Mtihani lazima ufanyike dukani, kabla ya pesa kutoka mkononi.

Mtihani huo hauhitaji kitu zaidi ya flashi yenye Linux Mint. Kadi huchomekwa, mashine huwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mwenye duka. Kwenye dirisha la amri huandikwa `lspci -k`. Mstari wa kadi hutokea, na chini yake jina la draiva inayotumika: amdgpu, radeon, nouveau au i915. Ikiwa hakuna jina, mnunuzi amepata jibu lake. Kisha huandikwa `inxi -G`. Likitokea neno llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayochora na kadi imelala. Kwa kadi ya NVIDIA kuna hatua ya tatu: `sudo dmesg | grep nouveau`. Nouveau huisoma chipu yenyewe, si lebo. Kadi iliyouzwa kama GTX 1050 Ti inapaswa kuandikwa GP107. Ikiandikwa GF116 au GF106, hiyo ni kadi ya kizazi cha zamani cha Fermi iliyovishwa jina la watu. Upande wa Windows, programu ya bure ya GPU-Z hufanya kazi hiyo na kuitaja kadi kuwa ni bandia.

Jambo la mwisho la kupima ni kinyume cha uzee. Kadi iliyotoka mwaka huu haitajulikana na Linux ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu draiva yake ilikuwa haijaandikwa. Radeon RX 9070 ya Machi 2025 inahitaji kiini na Mesa za karibuni. Flashi ya zamani na kadi mpya hazielewani, na mgonjwa hapo ni flashi.

Kwa kazi ipi, kadi ipi

Ofisi ya barua, hesabu na ramani ibaki na grafiki ya Intel iliyomo ndani, na pesa za kadi ziende kwenye RAM na diski ya SSD. Mashine nyembamba ya Windows na Linux inayohitaji nguvu kidogo zaidi ipewe RX 550 fupi. RX 6400, yenye wati 53, ina ufundi mpya zaidi, lakini hutumia njia nne tu za PCIe, hivyo hupungua kasi kwenye mashine za zamani, na haina sehemu ya kusimba video. Mhariri wa harusi asiiguse. Anayetaka macOS pia, kwenye Mac ya Intel yenye sloti, achague RX 560 au RX 580, na akichukua RX 550 ahakikishe ina chipu ya Baffin, maana zenye chipu ya Lexa macOS haizitambui yenyewe. Anayeishi kwa Blender, Resolve au akili mnemba kwenye Windows na Linux anunue NVIDIA, na asishuke chini ya Turing: GTX 1650 kwa mwenye wati 75, RTX kwa mwenye umeme wa uhakika.

Inabaki GTX 1050 Ti, kadi ambayo muuzaji huitoa kwanza kwa kuwa ni rahisi kupatikana na haihitaji waya wa ziada. NVIDIA imetangaza kwamba kizazi chake, Pascal, kinaishia kwenye tawi la draiva la 580, na marekebisho ya usalama yataendelea hadi 2028. Baada ya hapo, kwenye kiini kipya cha Linux, kadi hiyo itaangukia mikononi mwa Nouveau, isiyoweza kuipandisha kasi kwa sababu ya ile saini. RX 560 ya mwaka 2017, iliyokaa pembeni yake kwenye meza ya duka ikiwa na meno yale yale ya dhahabu, draiva yake itakuwa bado imo ndani ya kila flashi ya Linux itakayonakiliwa kutoka Bunia kwenda Bambu.